Picha moja ya wadudu ya mwaka 1705, nakala mbili zinazopingana: ipi ndiyo yenyewe?

Mwalimu_Uyole (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Mbeya, na muhula huu nimeamua kufundisha mabadiliko ya umbo la wadudu kwa kutumia picha zilizochapwa Ulaya katika karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, kwa kuwa maktaba kadhaa za nje zimeziweka mtandaoni bure, tena kwa ubora unaomwezesha mwanafunzi kuhesabu pingili za kiwavi. Ninayemtegemea zaidi ni Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Frankfurt, aliyesafiri kwenda Suriname, Amerika ya Kusini, mwaka 1699 pamoja na binti yake na kisha, mwaka 1705, akachapisha jijini Amsterdam kitabu chake kikubwa cha wadudu wa nchi ile chenye picha 60.

Nimepakua kutoka maktaba mbili tofauti ile picha yake mashuhuri ya tawi la mpera lenye buibui na sisimizi. Katika nakala ya kwanza, buibui mkubwa aliyemkamata ndege yuko upande mmoja wa tawi. Katika ya pili yuko upande wa pili, na picha nzima imegeuka kama inavyogeuka sura ya mtu kwenye kioo. Zaidi ya hapo, nakala ya kwanza ina mistari myeusi iliyokolea, wakati ya pili ina mistari hafifu kiasi kwamba mwanafunzi mmoja aliidhani ni mchoro wa rangi ya maji usiochapwa kabisa. Ninaomba kufahamishwa ni ipi iliyo halali, na kama tofauti hiyo inaathiri elimu ya mdudu mwenyewe. Wapo pia wanafunzi waliocheka kuona buibui akila ndege, wakasema mama huyu alitunga. Hilo nalo ningependa kupata la kuwajibu.

Fundi_Chapa (Iringa)

Kamwene, Mwalimu. Nakala zote mbili ni halali, na yaelekea zimetoka kwenye bamba moja la shaba. Ili jambo hili lieleweke, inabidi kufuatilia namna karatasi ilivyopita mashineni.

Picha za kitabu kile zilichongwa kwenye mabamba ya shaba. Mchongaji alisukuma kijembe cha chuma cha pua juu ya shaba na kuacha mifereji myembamba sana. Mahali pengine alipaka nta juu ya bamba, akachora kwa sindano, kisha akamwaga tindikali ili ile shaba iliyofunuliwa na sindano iliwe. Wino ulipakwa bamba zima, ukafutwa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja cha mkono, mpaka ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi iliyoloweshwa kidogo ililazwa juu yake, vikapitishwa pamoja katikati ya magogo mawili ya mashine, na kwa nguvu ya mgandamizo karatasi ikaingia mifereji na kuuvuta wino. Kwa hiyo kila kilichokuwa kulia mwa bamba kilitokea kushoto mwa karatasi. Mchongaji aliyenakili mchoro wa Merian kwenye shaba kama ulivyo alipata chapa iliyogeuka. Aliyetaka chapa ilingane na mchoro alilazimika kuugeuza mchoro kwanza kabla hajaanza kuchonga.

Nakala yako ya pili ilitengenezwa kwa hatua moja zaidi. Chapa ya kwanza ilipotoka ikiwa bado mbichi, karatasi nyingine yenye unyevu ililazwa juu yake, zikapitishwa tena mashineni, na wino mbichi ukahamia karatasi ya pili. Picha ikageuka mara ya pili, ikarudi upande wake wa awali, yaani ule uliokuwa kwenye bamba. Kwa kuwa wino uligawanywa kwa karatasi mbili, mistari ilitoka myepesi. Wachapaji wengine walitumia njia hii kwa ajili ya kukagua kazi tu, kwa sababu karatasi inayolingana na bamba humrahisishia mchongaji kuona pa kurekebisha. Merian aliifanya kuwa bidhaa. Mstari mwepesi ukipakwa rangi kwa mkono hufichika chini ya rangi, na mnunuzi anapata kitu kinachokaribia sana mchoro wa mkono. Mwanafunzi wako aliyedhani si chapa ameona kile hasa ambacho wanunuzi wa wakati ule walikilipia.

Zipo alama mbili za kukaguliwa kwenye picha zako. Chapa iliyotoka moja kwa moja kwenye shaba huwa na alama ya ukingo wa bamba, kama kibonde chembamba kinachoizunguka picha, kwa sababu bamba lilikandamiza karatasi. Nakala iliyotolewa kwenye karatasi nyingine haina alama hiyo, au inayo kwa mbali mno. Pili, tafuta jina la mchongaji au namba ya picha. Mabamba ya Suriname yalichongwa kwa sehemu kubwa na mafundi aliowaajiri, akiwemo Joseph Mulder na Pieter Sluyter, tofauti na kitabu chake cha kwanza cha viwavi cha mwaka 1679, ambacho mabamba yake 50 aliyachonga mwenyewe. Maandishi yoyote yaliyochongwa kwenye bamba yatasomeka vizuri katika chapa ya kawaida na yatasomeka kinyume katika ile nyingine, isipokuwa pale yalipofunikwa wakati wa kuchapa.

Kuhusu kuathiri elimu: kwa mdudu, athari ni ndogo, kwa kuwa upande wake wa kulia unafanana na wa kushoto. Ungekuwa unafundisha konokono, hali ingekuwa nyingine kabisa. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alichora kombe moja (gamba la konokono wa baharini) mwaka 1650, akaichonga kama alivyoiona, na chapa ikatoka na mzunguko unaoelekea upande ambao kombe ya aina ile haizunguki. Sanaa nzuri sana ile, lakini mwanafunzi wa makombe asiitumie kujibia mtihani.

Jambo la mwisho, tahadhari. Picha iliyogeuka inaweza pia kuwa kazi ya mwizi. Mwaka 1592 Jacob Hoefnagel alichapisha jijini Frankfurt michoro ya baba yake, Joris, iliyojaa nzi, mbawakawa, viwavi na maua, na kwa miaka mingi baadaye mafundi wengine waliinakili bila haya. Anayenakili chapa ya mwenzake moja kwa moja kwenye shaba yake hupata picha iliyogeuka. Ukikuta mistari imekolea vilevile, lakini vinyweleo vya miguu vimepungua au vimekaa ovyo, hapo shuku kunakiliwa.

Mkutubi_Njombe

Nimshukuru Fundi kwa maelezo yake, na niongeze yaliyotangulia shaba, kwa sababu bila hayo wanafunzi hawataelewa kwa nini wadudu walichelewa kupata picha nzuri kuliko mimea na wanyama wakubwa.

Vitabu vikubwa vya mwanzo vya wadudu vilitumia ubao. Kitabu cha Ulisse Aldrovandi kilichotoka Bologna mwaka 1602, na kile cha Thomas Moffet kilichotoka London mwaka 1634, miaka 30 baada ya mwandishi kufariki, vyote vina chapa za ubao. Ubao una faida moja kubwa: mstari umesimama juu na kilichochongwa ni pembezoni mwake, kama muhuri, hivyo picha hupangwa katika fremu moja pamoja na herufi za risasi na kuchapwa kwa mpigo mmoja. Msomaji anakutana na panzi katikati ya aya inayomhusu panzi. Shaba haiwezi kufanya hivyo. Inahitaji mashine yake ya magogo, na ndiyo maana picha za shaba mara nyingi hukaa kwenye kurasa za peke yake. Ubaya wa ubao ni kwamba mstari uliosimama ukichongwa mwembamba kupita kiasi huvunjika, kwa hiyo mguu wa mbu hauna budi kuwa mnene kama kijiti. Tazameni vipepeo wa Moffet: mabawa yanatambulika, lakini papasi, zile pembe za kichwani, ni za kukisia.

Mwaka 1625 mjini Roma, wanachama wa Accademia dei Lincei, chama cha wanasayansi, walichapisha karatasi moja kubwa ya shaba yenye nyuki watatu waliochunguzwa kwa hadubini, wakaitoa kama heshima kwa Papa Urban VIII, ambaye nembo ya ukoo wake wa Barberini ilikuwa nyuki watatu. Siasa ilikuwa nyingi kuliko baiolojia, nakubali, lakini macho na ulimi wa nyuki vilionekana pale kwa namna ambayo ubao usingeweza kuibeba.

Halafu akaja Robert Hooke mwaka 1665 jijini London na kitabu chake *Micrographia*, cha vitu alivyovitazama kwa hadubini. Kiroboto chake ni karatasi inayokunjuliwa, yenye upana wa karibu sentimita 46, na Mwalimu akiweza kuichapa kwa ukubwa huohuo na kuibandika ukutani, darasa litanyamaza. Nakushauri usome na maelezo yake, kwa sababu Hooke anaeleza kwamba hakuanza kuchora kitu chochote kabla hajakitazama katika miale mbalimbali na kukigeuza huku na huku. Anasema jicho la nzi katika mwanga wa aina moja huonekana kama wavu wenye matundu madogo, juani huonekana kama limepigiliwa misumari ya dhahabu, na katika mkao mwingine kama limejaa piramidi. Picha tunayoiona, kwa hiyo, haikupatikana kwa kuchungulia mara moja; ni uamuzi alioufikia baada ya kulinganisha mionekano mingi inayopingana. Sisimizi ndiye aliyemshinda kwa sababu hakutulia, mpaka alipomtumbukiza kwenye pombe kali. Mdudu akalala kama maiti, na baada ya zaidi ya saa moja akaamka na kuondoka zake.

Kuhusu buibui na ndege: wanafunzi wako wana wenzao wenye majina makubwa. Katika karne ya 19 wapo wataalamu waliomdhihaki Merian kwa picha hiyohiyo, wakaiita uzushi. Mwaka 1863 Henry Walter Bates, aliyeishi miaka mingi Amazon, alichapisha ushuhuda wake wa kumkuta buibui mkubwa wa jamii hiyo akiwa na ndege wadogo aliowanasa. Kwamba buibui wale huishi kwa kula ndege, hilo halikubaliki. Kwamba wanaweza, limethibitika.

Bwanashamba_Mbozi

Wakuu, mimi kazi yangu ni mahindi na kahawa, na chapa nazijua kidogo tu. Hata hivyo naona mnazungumzia sana shaba na kuupita mmea, wakati mmea ndio uliobadilisha mambo.

Kabla ya Merian, wengi walimpanga mdudu juu ya karatasi tupu, safu kwa safu, kama bidhaa mezani. Jan Goedaert wa Middelburg, Uholanzi, katika miaka ya 1660, aliwafuga viwavi na kuwachora, na kazi yake ni ya kuheshimiwa, lakini mayai hayamo, kwa kuwa aliendelea kuamini kwamba baadhi ya wadudu huzaliwa kutokana na uozo. Alipoona kiwavi mmoja anatoa kipepeo na mwenzake wa aina ileile anatoa nzi wengi, alibaki na kitendawili. Sisi leo tunajua wale ni wadudu vimelea waliotagwa ndani ya kiwavi, na tunawahesabu kuwa marafiki wa mkulima. Mwaka 1668 Francesco Redi aliziba baadhi ya vyombo vya nyama na kuacha vingine wazi, akaonyesha kwamba funza hawatokei pasipofikiwa na nzi. Baada ya hapo picha isiyo na yai ilikuwa na pengo linaloonekana.

Merian aliweka vyote kwenye ukurasa mmoja: yai pale alipolipata, kiwavi, pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuota mabawa), mdudu kamili, na jani alilolila, likiwa na matundu yake. Kwa mtu wa ugani hiyo ndiyo picha. Mkulima hamwoni nondo usiku. Anaona jani lililotoboka asubuhi. Na kurasa zake za Suriname wanafunzi wa Mbeya watazizoea haraka, kwa kuwa zimo ndizi, muhogo, mpera, na ukurasa wa kwanza kabisa ni nanasi lenye mende.

Niwape na hili. Kiwavijeshi vamizi, huyu aliyetuingilia mahindi tangu mwaka 2017, aliingia kwenye orodha ya sayansi kupitia kitabu cha picha za namna hiihii. Asili yake ni mabara ya Amerika. John Abbot alikuwa akiwafuga viwavi na kuwachora huko Georgia, James Edward Smith akaandika maelezo, na mwaka 1797 kikatoka London kitabu cha juzuu mbili chenye picha 104 zilizopakwa rangi kwa mkono, kila kiwavi akiwa na pupa wake, nondo wake na mmea. Jina la kisayansi tunaloandika kwenye ripoti zetu, *frugiperda*, limetoka humo. Kwenye mabango yetu tunamfundisha mkulima atafute alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Kwa bahati nzuri alama zote mbili hazipotezwi na kioo cha Fundi, kwa hiyo chapeni upande mnaoutaka.

Lakini msimfanye Merian kuwa msahafu. Aliandika kwamba yule mdudu mwenye kichwa kilichovimba kama taa hutoa mwanga unaotosha kusomea gazeti. Hatoi mwanga wowote.

Mkutubi_Njombe

Bwana shamba amesema kweli, nami niongeze kwamba si kila alichoandika alikiona kwa macho yake, wala hakukusanya peke yake. Suriname ilikuwa koloni la mashamba ya miwa yaliyoendeshwa kwa watumwa, na Merian mwenyewe anakiri kwamba watumwa na wenyeji wa nchi walimletea viwavi, wakamchimbia mimea na kumweleza matumizi yake. Kwenye ukurasa mmoja wenye ua jekundu na la manjano, anaandika kuwa wanawake watumwa walitumia mbegu za mmea ule kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na anawataja kwa asili yao Waafrika wa Guinea na Angola. Juu ya ukurasa kuna nondo mzuri. Chini yake kuna maneno hayo. Mwalimu wa kidato cha juu asiyaruke. Majina ya watu wale hayakuchongwa kwenye bamba lolote, ilhali la Mulder na la Sluyter yalichongwa.

Mwalimu_Uyole (Mbeya)

Nimekagua: nakala yenye mistari iliyokolea ina kibonde cha bamba pande zote nne, na ile hafifu haina. Nawashukuru sana, wakubwa zangu.

Sasa ninataka wanafunzi wachape wenyewe hatua za kiwavijeshi vamizi, wakiwa na jani la hindi kama alivyoelekeza Bwana shamba. Shaba na tindikali siwezi kuviingiza darasani, na mashine ya magogo hatuna. Nilifikiria mbao za paina, kwa kuwa zinapatikana kwa wingi kutoka Mafinga.

Fundi_Chapa (Iringa)

Paina ni laini, lakini nyuzi zake hutawala: patasi ikikata kuzifuata, kipande kinabanduka na kwenda na mguu wa kiwavi. Itumieni kwa jani na bua la hindi tu, ambako nyuzi zinaweza hata kupendeza. Kwa mdudu, nunueni stationeri ile plastiki ngumu ya kuonea inayowekwa kama jalada la ripoti. Mwanafunzi ailaze juu ya mchoro wake, afuatishe mistari kwa ncha ya msumari ulionolewa au bikari, akikwaruza kwa nguvu mpaka kidole kiusikie mfereji. Tatizo la kugeuka linakwisha papo hapo: plastiki inaonyesha pande zote mbili, kwa hiyo ageuze mchoro wenyewe chini yake kabla hajaanza, au aukwaruze kama ulivyo na akubali chapa ya kioo.

Wino wa kuchapia ni mzito kuliko wino wa kalamu. Usipopatikana, rangi ya mafuta iliyopunguzwa mafuta kwa kuachwa juu ya karatasi inayonyonya hufaa. Wapake plastiki yote, wafute kwa kitambaa kwa duara ndogo, wasifute kwa kukaza, maana watautoa hata ulio ndani ya mifereji. Karatasi iloweshwe, kisha ibanwe katikati ya magazeti mpaka isiwe na maji yanayong'aa juu. Mgandamizo utatoka kwenye mgongo wa kijiko cha chuma, kwa kusugua sehemu ndogo ndogo na kufunua pembe moja kuangalia kama wino umepanda. Kifimbo cha kusukumia chapati hakitoshi kwa plastiki, ila kwa ule ubao wa paina kinatosha sana.

Ukitaka waelewe nakala zako mbili bila mhadhara, chapa ya kwanza ikitoka ilazeni kifudifudi juu ya karatasi nyingine yenye unyevu hapohapo, kabla haijafika dakika, msugue tena kwa kijiko. Itatoka hafifu, imerudi upande uliokwaruzwa kwenye plastiki, na haina alama ya ukingo. Hiyo ya pili ndiyo wapake rangi.